Polimerasi ikipita, histoni zinakwenda wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu, tiba ya mifugo. Darasani tumefundishwa kwamba DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni na kubanwa sana, halafu tukaambiwa RNA polimerasi hutembea juu ya DNA ikisoma jeni. Nikauliza inapitaje hapo, nikajibiwa kuwa shaperoni za histoni, yaani protini zinazozishika na kuzisindikiza histoni, hufungua njia. Lakini nimesoma kwingine kwamba shaperoni hizo hazitumii ATP, ile molekuli ya nishati ya seli. Zinafunguaje bila nguvu? Na histoni zikishatolewa zinakwenda wapi, zinarudije mahali pake? Mwisho, je, haya yana faida yoyote kwa mtu atakayetibu ng'ombe?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo matatu, na nitayajibu yote ingawa si kwa uzito sawa. La ATP ni jepesi kuliko linavyoonekana. La histoni kurudi ndilo lenye utamu, na huko nitakaa. La ng'ombe naliweka mwisho, jibu lake ni ndiyo.

Kwanza nikusogeze kidogo kutoka kwenye jibu ulilopewa. Kusema shaperoni hufungua njia si uongo, ila ni nusu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Anayesukuma mlango ni polimerasi mwenyewe, akisaidiwa na mashine nyingine zinazotumia ATP. Shaperoni hupokea histoni zinapobanduka, huzishika zisilete fujo, kisha huzirudisha kwenye DNA nyuma ya polimerasi. Na ukiniuliza ni ipi kati ya kazi hizo ambayo ikikosekana madhara yake huonekana wazi zaidi ndani ya seli hai, nitakwambia ni hiyo ya kurudisha.

Nukleosomu moja ni jozi 147 za besi za DNA zilizozungushwa karibu mara moja na theluthi mbili kwenye kitovu cha histoni nane: H2A, H2B, H3 na H4, mbilimbili. Picha yake kamili ilichapishwa mwaka 1997 na Karolin Luger na wenzake katika maabara ya Timothy Richmond huko Zürich. Katikati zimekaa H3 na H4, nne kwa pamoja. Pembeni, kila upande, ipo jozi moja ya H2A na H2B. Uushike mpangilio huo, kwa sababu jozi za pembeni hulegea mapema na zile nne za katikati hung'ang'ania. Seli moja ya binadamu ina nukleosomu kama milioni 30, kwa hiyo polimerasi inayosoma jeni ya kawaida haikutani na kizuizi kimoja. Inakutana na kingine kila baada ya jozi 200 hivi.

Sasa, kwa nini histoni zihitaji kusindikizwa? DNA imejaa chaji hasi. Histoni zimejaa amino asidi za lisini na arginini, yaani chaji chanya. Ukichanganya viwili hivyo kwenye chumvi ya kiwango cha seli, vinarukiana ovyo na unabaki na mashapo meupe yasiyo na faida. Sisi wa maabara tunakwepa balaa hilo kwa kuanza na chumvi nyingi mno, molari 2, kisha tunaipunguza polepole kwa saa nyingi mpaka histoni zikae vizuri. Seli haina anasa hiyo. Mwaka 1978 Ron Laskey na wenzake huko Cambridge walikuwa wakichunguza mayai ya Xenopus, yule chura wa kusini mwa Afrika, wakakuta ndani yake protini yenye asidi nyingi inayoitwa nukleoplasmini. Ilipokuwepo, nukleosomu zilijipanga sawasawa kwenye chumvi ya kawaida. Yenyewe haikubaki kwenye nukleosomu iliyokamilika: ilishika, ikakabidhi, ikajiondokea. Hao ndio walioiita shaperoni ya molekuli, na jina hilo baadaye likahamia kwa protini zinazosaidia nyingine kujikunja.

Nadhani hapo ndipo mkanganyiko wa ATP unapozaliwa. Shaperoni za kukunja protini, kwa mfano Hsp70, kweli hula ATP, na wanafunzi wengi huzibeba sifa zake na kuzitwika shaperoni za histoni. Hizi za histoni hushinda kwa ushindani tu. Kila histoni ina uso ambao DNA hupenda kuushika, na shaperoni ina uso wake wenye asidi unaokaa papo hapo. Nukleosomu nayo haijatulia kama jiwe. Ncha za DNA hubanduka na kurudi zenyewe, mara kadhaa kwa sekunde, kwa joto la kawaida tu, na katikati ya miaka ya 1990 Jonathan Widom alionyesha kwamba sehemu zilizofichwa ndani hufikika kwa njia hiyo. Shaperoni huvizia mwanya ule. DNA ikibanduka na shaperoni ikawahi kukaa, DNA inapata kazi kurudi.

Nguvu ya kusukuma inatoka kwingine. Polimerasi ni mota: kila nyukleotidi inayoongezwa kwenye RNA huja na fosfati tatu, mbili hukatwa, na nishati yake ndiyo inayoisogeza mbele hatua moja. Kando yake zipo mashine kama Chd1 na RSC zinazokata ATP ili kusogeza au kubandua nukleosomu. Kwa hiyo nishati ipo tele pale kazini, ila haiko mikononi mwa shaperoni.

Njoo sasa kwenye hadithi ya shaperoni iliyo maarufu kuliko zote katika unukuzi, yaani kazi ya kusoma jeni na kutengeneza RNA. Ukiweka RNA polimerasi II juu ya DNA tupu kwenye neli ya maabara, inakwenda. Weka nukleosomu moja njiani, inasita, inarudi nyuma kidogo, mara nyingi inakwama kabisa. Mwaka 1998 maabara ya Danny Reinberg, New Jersey, ilichuja viini vya seli za binadamu na kupata kitu kilichoiwezesha polimerasi kuvuka. Wakakipa jina FACT, ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya kurahisisha unukuzi wa kromatini, yaani DNA ikiwa pamoja na histoni zake. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa ni protini mbili, Spt16 na SSRP1. Mwaka 2003 maabara hiyo hiyo ikaonyesha kwamba FACT huondoa jozi moja ya H2A na H2B kwenye nukleosomu, na kwamba FACT hiyo hiyo inaweza pia kuziweka histoni juu ya DNA. Vitabu vingi vya kiada vilibeba sehemu ya kwanza ya matokeo hayo na kuiacha ya pili ikining'inia.

Lakini ukiiangalia Spt16 kwa macho ya watafiti wa hamira, unaiona tofauti kabisa. Hao walikuwa wanaijua tangu kabla ya jina FACT kuwepo. Mwaka 1984 Fred Winston, akiwa na Gerald Fink na wenzao, alichapisha utafiti juu ya hamira ambazo kipande cha DNA kinachohamahama, kiitwacho Ty, kilikuwa kimejipachika mbele ya jeni ya HIS4. Unukuzi ulivurugika, hamira ikashindwa kujitengenezea histidini. Wakatafuta mabadiliko mengine ya kijeni ambayo yangeirudishia uwezo huo. Jeni walizozipata, wao na waliowafuata, zikaitwa SPT na kupewa namba. Baadaye, zilipofunguliwa moja moja, ikaonekana kuwa mbili ni jeni za histoni zenyewe, H2A na H2B. SPT6 na SPT16 zimo kwenye orodha hiyo hiyo.

Tafakari kidogo maana yake. Histoni zikipungua au kulegea, unukuzi unaanzia mahali ambapo kawaida hauruhusiwi kuanzia, na kwa bahati hilo likaiokoa HIS4. Spt6 na Spt16 zikiharibika, hutokea jambo la aina ile ile. Yaani seli isiyo na shaperoni hizi inafanana na seli yenye upungufu wa histoni. Kama kazi kuu ya Spt16 ingekuwa kuondoa histoni, tungetarajia kinyume: kromatini ingebana kupita kiasi na jeni zingezimika.

Uthibitisho ulionishawishi mimi zaidi ulitoka mwaka 2003, tena maabara ya Winston, wakati huo akiwa Harvard. Walichukua hamira zenye Spt6 au Spt16 isiyostahimili joto. Joto likapandishwa, protini ikaharibika, wakachunguza RNA. Kwenye jeni ya FLO8, pamoja na RNA ya kawaida, ikatokea RNA fupi iliyoanzia katikati ya jeni. Ndani ya FLO8 kuna mfuatano wa besi unaofanana na promota, yaani mahali polimerasi inapoanzia kusoma. Siku zote upo pale, ila umefunikwa na nukleosomu. Polimerasi ilipopita, nukleosomu zilibanduka kama kawaida na hazikurudi ipasavyo, ile promota ya bandia ikabaki wazi, na polimerasi nyingine ikaanzia hapo. Uchunguzi wa jenomu nzima uliofuata ulionyesha kwamba mamia ya jeni za hamira zina promota bandia za namna hiyo zilizofichwa.

Mfano wa mtaani: mafundi wa bomba wakikata barabara, kila mtu anaona wanavyochimba, lakini kesho yake magari yanaharibika kwa sababu ya walivyofukia. Shaperoni za unukuzi ni mafundi wa kufukia. Na ufukiaji huo una haraka: kwenye seli za wanyama polimerasi hukimbia kiasi cha besi 2,000 kwa dakika, kwa hiyo hupita nukleosomu takriban kumi kila dakika, na kwenye jeni yenye shughuli nyingi polimerasi nyingine iko nyuma yake.

Kurudisha huko pia ndiko kunakozima jeni. PHO5 ya hamira huwashwa fosfati inapoadimika, na inapowashwa nukleosomu za promota yake huondoka. Mwaka 2006 Melissa Adkins na Jessica Tyler walionyesha kwamba Spt6 inahitajika ili nukleosomu hizo zirudi. Bila Spt6, PHO5 iliendelea kusomwa hata baada ya kiamshi chake, protini Pho4, kuondoka. Hebu lirudie hilo taratibu. Darasani tunafundisha kwamba kiamshi ndicho huwasha jeni na kikiondoka jeni huzimika. Kumbe kuondoka kwake peke yake hakutoshi, lazima mtu arudishe histoni.

Sasa unataka kujua histoni zinakwenda wapi. Kwa sehemu kubwa, haziendi mbali. Mwaka 2022 watafiti wa Japani, kundi la Haruhiko Ehara, Hitoshi Kurumizaka na Shun-ichi Sekine, waligandisha polimerasi ikiwa katikati ya kuvuka nukleosomu, pamoja na FACT, Spt6 na wasaidizi wengine, wakaipiga picha kwa hadubini ya elektroni hatua baada ya hatua. Polimerasi inapoingia, DNA iliyo mbele yake inabanduliwa kutoka kwenye histoni. Uso wa histoni uliobaki wazi hauachwi hivyo hivyo, shaperoni na wasaidizi huukamata. Upande wa nyuma, DNA inayotoka kwenye polimerasi inaanza kujizungusha tena kwenye histoni zile zile, zikiwa zimeshikiliwa na FACT. Histoni zinahamishwa kutoka mbele kwenda nyuma huku polimerasi ikiendelea na safari, na kwa kiasi kikubwa haziachiliwi huru majini.

FACT inafaa kwa kazi hiyo kutokana na umbile lake. Picha zilizotoka kwenye maabara ya Luger mwaka 2020 zinaonyesha imekaa juu ya nukleosomu iliyopungukiwa, ikigusa DNA na histoni kwa wakati mmoja, huku mkia wa Spt16 wenye asidi ukishika H2A na H2B mahali ambapo DNA ingekaa. Inaweza kuvumilia nukleosomu iliyofunguka nusu bila kuiacha isambaratike. Mimi huiona kama sifa yake kuu.

Kuna sababu ya kutaka histoni zile zile zirudi, na wala si ubahili. Histoni hubeba alama. Kwenye hamira, kimeng'enya Set2 husafiri na polimerasi kikibandika methili kwenye lisini ya 36 ya H3, ndani ya mwili wa jeni. Alama hiyo huita kundi la vimeng'enya liitwalo Rpd3S, ambalo huondoa asetili kwenye histoni na kufanya kromatini itulie. Histoni ya zamani ikipotea na mpya ikachukua nafasi yake, mpya hiyo inakuja bila alama za mahali hapo, na kwenye hamira huwa na asetili kwenye lisini ya 56, alama ya histoni iliyotoka kutengenezwa. Utafiti wa mwaka 2019 kutoka Montreal ulionyesha kwamba FACT na Spt6 zikikosekana, histoni hazirudi vizuri mahali zilipotoka na alama zinachanganyikana: za mwanzo wa jeni zinakutwa katikati, za katikati zinakutwa kwingine.

Zipo kweli histoni zinazopotea, hasa jeni inaposomwa kwa kasi kubwa. Kwenye jeni ya Hsp70 ya nzi wa matunda, joto likipanda, nukleosomu huvurugika ndani ya dakika chache za mwanzo. Pengo likitokea kwenye seli za wanyama, shaperoni iitwayo HIRA huleta H3.3, aina ya H3 inayopatikana muda wote, kwani H3 ya kawaida hutengenezwa na kuwekwa hasa DNA inaponakiliwa. Tofauti kati ya H3.3 na H3.1, ambayo ni hiyo H3 ya kawaida, ni amino asidi tano tu, na shaperoni huzitambua. Shaperoni nyingine, Asf1, hupokea H3 na H4 za aina zote mbili na kuzikabidhi kwa HIRA au kwa CAF-1, shaperoni ya wakati DNA inaponakiliwa, kila moja na njia yake. Histoni iliyobaki huru ni sumu kwa seli, na hamira huiharibu mapema.

Kabla sijafika kwa ng'ombe, dokezo moja la dawa. Kwinakrini ni dawa ya malaria waliyomeza askari wengi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Utafutaji wa matumizi yake dhidi ya saratani ulizaa kundi la dawa liitwalo kuraksini. Mwaka 2011 ilionekana kwamba kuraksini huinasa FACT kwenye kromatini. Hazishiki FACT yenyewe. Hujipenyeza kwenye DNA, nukleosomu zinalegea, na FACT inakimbilia huko kwa wingi na kukwama, isipatikane tena kwenye jeni zinazosomwa. Tishu nyingi za mtu mzima zina FACT kidogo sana, na uvimbe mwingi wa saratani una FACT nyingi. Hilo lenyewe linanong'ona kitu kuhusu dhana ya kwamba hakuna unukuzi bila FACT.

Haya, ng'ombe. Unawajua Trypanosoma, vimelea vya nagana, ugonjwa wa ng'ombe, na unajua kwa nini hatuna chanjo: kimelea amevaa koti la protini iitwayo VSG, molekuli kama milioni 10 za aina moja, na kinga ya mnyama ikishalitambua koti hilo, baadhi ya vimelea huwa wameshavaa jingine. Trypanosoma brucei ana jeni za VSG zaidi ya 2,000, zikiwemo nyingi zilizo mbovu ambazo hutumika kama vipande vya kuunganishia. Lakini VSG husomwa tu ikiwa katika moja ya sehemu maalumu karibu na ncha za kromosomu. Kwenye kimelea kinachotumiwa sana maabara zipo sehemu kama 15, na wakati wowote moja tu huwa wazi. Jambo la ajabu, husomwa na RNA polimerasi I, ambayo kwa viumbe wengine kazi yake ni RNA ya ribosomu. Sehemu iliyo wazi ina nukleosomu chache mno. Zilizofungwa zimejaa nukleosomu.

Mwaka 2010 kundi la Gloria Rudenko, London, lilipunguza Spt16 ya kimelea huyo. Kwa aliyesoma kwamba FACT hurahisisha unukuzi, utabiri ungekuwa kwamba sehemu iliyo wazi itadorora. Kilichotokea ni kwamba promota za sehemu zilizofungwa zilianza kufunguka. FACT ilikutwa kwa wingi zaidi kwenye promota hizo zilizonyamazishwa, na ilipopungua seli zilishindwa kuendelea na mgawanyiko. Baadaye shaperoni nyingine za histoni, CAF-1 na ASF1 za kimelea, nazo zikaonekana kuhusika katika kuzifunga sehemu hizo. Kwa hiyo siri ya kimelea kuonyesha koti moja na kuficha mengine imeshikiliwa, kwa sehemu, na protini zile zile ulizoambiwa hufungua njia.

Dawa ya nagana kwa njia hiyo haipo sokoni, na usimwahidi mfugaji. Ila histoni za Trypanosoma zimetofautiana na za ng'ombe kuliko kawaida ya viumbe wenye viini, na mahali shaperoni inaposhikana na histoni ni mahali pazuri pa kutafuta tofauti inayoweza kulengwa. Ukifika wakati wa kuchagua mada ya mradi wako wa mwaka wa mwisho, uliza kama idara yenu ina mfumo wa kukuza vimelea hao kwenye chupa. Jaribio la kupunguza protini moja kwa RNAi, mbinu ya kuharibu RNA ya jeni moja iliyochaguliwa, hufanya kazi vizuri kwa Trypanosoma brucei, kuliko kwa vimelea wengi.